Mafuta Yasiyokauka Karaini

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa wauza chipsi, mama lishe, mafundi wa kuchomelea na wanunuzi wa chuma chakavu, Ngamiani, Tanga. Wengi walikuwa kazini, wakaomba waipate nzima. Nimeiacha kama nilivyoisema, nimepunguza kikohozi tu.)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wenzangu, hamjambo? Mama zangu, habari za tangu asubuhi? Na nyie wanangu mliosimama kule mlangoni, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimeambiwa nisiwachoshe, maana makarai yanangoja na jioni haijui hotuba. Basi na nianze na karai lenyewe.

Niwaulize wauza chipsi: mafuta ya kula ukiyakaangia siku tatu mfululizo yanakuwaje? Yanakuwa meusi. Yanatoa povu. Yananuka hata mteja wa Barabara ya 12 anajua leo hujabadilisha. Na yanapungua, kila siku unaongeza. Hiyo ndiyo tabia ya mafuta ya kula, yanachoka kama sisi tunavyochoka.

Sasa anakuja kijana usiku, kafunika dumu kwa kiroba. Anakwambia, "Mama, haya mafuta hayaishi. Unakaangia wiki mbili, yako vilevile." Na bei yake ni nusu. Wewe una watoto wa kusomesha, kodi ya fremu, gunia la viazi limepanda. Utakataa?

Mimi nakuomba umuulize swali moja tu. Yasipoishia karaini, yataishia wapi?

Hilo ndilo nililokuja nalo leo, maana mafuta ya dumu lile yameibwa kwenye transfoma za umeme.

Wengine mnanijua, wengine hamnijui. Mimi nilikuwa fundi umeme, kazi yangu transfoma. Nimestaafu. Nimefungua matumbo ya transfoma nyingi kuliko kuku niliowachinja. Ndani ya lile boksi mnaloliona juu ya nguzo kuna nyaya za shaba zilizozungushwa kwenye chuma, na vyote vimezamishwa kwenye mafuta. Mafuta yale yana kazi mbili: kuzuia umeme usiruke mahali usipotakiwa, na kupoza joto. Lakini mafuta ya kawaida ya transfoma, yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, yana ubaya mmoja. Yanawaka. Transfoma ikipiga shoti ndani ya jengo, imekuwa jiko.

Kwa hiyo wataalamu wakatafuta mafuta yasiyowaka, na wakayapata. Mwaka 1929, katika mji wa Anniston, jimbo la Alabama, Marekani, kiwanda kikaanza kuyatengeneza kwa biashara. Walichukua kitu kinachoitwa bifenili, wakakifunga klorini. Kulingana na klorini ngapi zimeingia na zimekaa wapi, unapata aina 209. Zote kwa pamoja huitwa PCB, yaani poliklorineti bifenili. Sisi tuseme PCB, tusijing'ate ulimi.

Nikiwatajia sifa zake mtadhani natangaza biashara. Haziwaki kwa urahisi. Hazipitishi umeme. Asidi haizili. Hazichanganyiki na maji wala haziyeyuki kwenye maji. Joto linaloyaumbua mafuta mengine, zenyewe zinalitazama tu. Nyingine nyepesi kama mafuta ya taa, nyingine nzito kama asali, nyingine kama utomvu. Rangi hakuna, au njano ya mbali. Harufu ni ndogo mno, haikushtui. Mhandisi gani asingezipenda? Wakazitia kwenye transfoma, kwenye kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, kwenye choki za taa za tyubu, kwenye rangi za meli, mpaka kwenye karatasi za kunakilia zisizohitaji kaboni.

Sasa geuzeni sifa hizohizo upande wa pili. Kitu kisichoungua, kisichooza, kisichoyeyuka kwenye maji, ambacho hata vijidudu vya udongoni hushindwa kukimaliza. Kikimwagika, kinakwenda wapi? Hakiendi. Kipo. Lita iliyomwagika babu yako akiwa kijana, ipo.

Nawapa kisa changu, na sijisifu nacho. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa kazi. Fundi aliyenifundisha, Mungu amrehemu, akimaliza kazi alikuwa anajipaka mafuta ya transfoma magotini. Alisema yanatoa baridi yabisi. Nasi tukafuata. Tulinawia mikono mafuta yale, tukajipaka kwenye majeraha. Mimi nilijaza chupa ya soda nikampelekea mama yangu, maana magoti yalikuwa yanamsumbua. Akanishukuru kweli. Akaniombea dua.

Kulikuwa na transfoma moja ya zamani, kwenye kibati chake kumeandikwa "Askarel". Sikuuliza ni nini. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kuwa askarel ni jina la jumla la mafuta ya PCB. Na majina ni mengi, kila nchi ilibatiza la kwake: Wamarekani Aroclor, Wajerumani Clophen, Wafaransa Pyralene, Wajapani Kanechlor. Nyie wa chuma chakavu, majina hayo yashikeni kama mnavyoshika bei ya shaba. Ukiliona moja kwenye kibati, weka spana chini.

Mtaniambia, mzee, transfoma za siku hizi hazina hayo. Kweli, nyingi zilijazwa mafuta ya kawaida. Marekani walipiga marufuku utengenezaji mwaka 1979, na wengine wakafuata. Lakini nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye ungamo langu. Sisi tulikuwa na pampu moja. Pampu ileile, mpira uleule. Leo tunanyonya mafuta kwenye mtambo wa zamani, kesho tunajaza kwenye mpya. Hatukusafisha, tungesafisha kwa nini? Mafuta ni mafuta. Mambo haya yalifanyika dunia nzima, si hapa tu. Kwa njia hiyo transfoma iliyotoka kiwandani safi ikachafuliwa na mikono ya fundi.

Na haihitaji nyingi. Kiwango ambacho kikifikiwa mafuta huhesabiwa kuwa yamechafuliwa ni sehemu 50 katika milioni. Chukua pipa la lita 200. Kijiko kimoja cha chai cha PCB, na kidogo juu yake, kinatosha kulifikisha pipa zima hapo. Kijiko cha chai! Utakiona kwa jicho? Utakionja kwa ulimi?

Kijana mmoja fundi aliniambia anajua kupima: PCB ni nzito kuliko maji, kwa hiyo anadondosha tone kwenye glasi, likizama ni baya, likielea ni zuri. Nusu ya kwanza kasema kweli. PCB tupu inazama. Lakini mafuta ya kawaida yenye kijiko kile cha chai ndani yake yataelea kama kawaida, naye atayapeleka sokoni na roho nyeupe. Kipimo ni cha maabara, basi.

Haya, tuje kwenye chakula. Maana wapo watakaosema, huyu mzee anatutisha kwa hesabu za vijiko.

Japani, mwaka 1968. Upande wa magharibi wa nchi kulikuwa na kiwanda cha mafuta ya kula, mafuta yanayokamuliwa kwenye pumba za mchele. Ili kuyaondolea harufu ilibidi yapashwe moto sana. Waliyapasha kwa bomba lililojikunja kama chemchemi ndani ya tangi, na ndani ya bomba zilizunguka PCB za moto. Kwa nini PCB? Si nimewaambia? Haziwaki, hazichoki. Bomba likatoboka. Kitobo kidogo tu. PCB zikavujia kwenye mafuta ya kula, mafuta yakawekwa kwenye chupa, chupa zikaenda madukani.

Mnajua nani alikuwa wa kwanza kutoa taarifa? Kuku. Mapema mwaka ule kuku wakaanza kufa mashambani, kuku kama laki nne wakafa. Walikuwa wamelishwa chakula kilichochanganywa na mabaki ya mafuta ya kiwanda kilekile. Mafuta ya kuku yakasimamishwa. Mafuta ya watu yakaendelea kuuzwa.

Hilo huwa linaniuma kila nikilisimulia. Kuku laki nne wamesema, hakuna aliyeuliza na sisi je.

Baadaye mwaka huohuo watu wakajaa hospitalini. Chunusi nyeusi usoni, mgongoni, hata sehemu za siri, chunusi zisizosikia dawa. Macho yanatoa uchafu, kope zimevimba. Kucha zimekuwa nyeusi, fizi zimekuwa nyeusi. Mikono inakufa ganzi. Uchovu usioisha. Akina mama wajawazito wakajifungua watoto wenye ngozi iliyokolea weusi usio wa kwao, wadogo wa kilo. Watu kama elfu 14 walijitokeza kusema wanaumwa. Wajapani wakauita ugonjwa ule Yusho, maana yake ugonjwa wa mafuta tu. Hadi leo wapo wanaoishi nao.

Na tena jambo la kuwahusu nyie wa karai. Uchunguzi ulionyesha kuwa PCB zilizopashwa moto muda mrefu namna ile huzaa kitu kingine kinachoitwa furani, na furani ni sumu kali kuliko mama yake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba moto unaua sumu. Moto wa karai hauiui hii. 

Mngedhani dunia imejifunza? Mwaka 1979, miaka 11 tu baadaye, Taiwan. Mafuta ya pumba za mchele tena. PCB kwenye bomba tena. Watu kama elfu mbili. Miongoni mwa walioumia walikuwa watoto wa shule ya wasioona, waliokuwa wanapikiwa mafuta yale jikoni kwao. Mtoto hamuoni mpishi, haoni dumu, haoni chunusi zake mwenyewe kwenye kioo.

Ubelgiji mwaka 1999, mafuta ya transfoma yenye kilo 50 hivi za PCB yakaingia kwenye chakula cha kuku, mayai yakatolewa madukani, serikali ikashindwa uchaguzi. Napita haraka hapo.

Narudi Taiwan, kwa sababu ya akina mama. Wataalamu waliwafuatilia watoto waliozaliwa na wale waliokula mafuta. Si watoto waliokula, hapana. Waliozaliwa baadaye. Wakakuta wanachelewa katika kujifunza kuliko wenzao. Na walioshangaza zaidi ni hawa: mtoto aliyezaliwa hata miaka sita baada ya mama yake kuacha mafuta yale, naye aliathirika kama wa kwanza. Miaka sita! Mama ameshasahau hata chupa ilikuwa ya rangi gani.

Inakuwaje? Ndipo lile swali langu linapopata jibu. Yasipoishia karaini, yanaishia kwenye mafuta ya mwili wako. PCB hazipendi maji, zinapenda mafuta. Zikiingia mwilini haziendi na mkojo. Zinatafuta mahali penye mafuta zinakaa: chini ya ngozi, kwenye ini, kwenye maziwa ya mama. Zile aina sugu, mwili unaweza kuchukua miaka 10 hadi 15 kupunguza nusu yake tu. Na haziingii kwa mdomo peke yake. Ngozi inazinywa. Yale magoti ya mama yangu yalizinywa.

Madhara yenyewe ni mengi. Ini, kinga ya mwili, tezi ya shingo, ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni. Na mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka PCB kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo hakuna ubishi tena kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu.

Mama mmoja hapa mbele ananitazama kwa wasiwasi. Unanyonyesha, mwanangu? Endelea kunyonyesha. Nasema kwa sauti ili asiondoke mtu na habari nusu: maziwa ya mama ni bora, madaktari hawajabadilisha hilo. Tunalolipinga ni sumu kumfikia mama, si mtoto kufikia ziwa.

Wavuvi wapo? Naona mikono miwili, wengine wako sokoni Deep Sea wanauza. Kisa hiki ni chenu. Miaka ya sitini mkemia mmoja wa Sweden, Sören Jensen, alikuwa anatafuta DDT, ile dawa ya kuua wadudu, kwenye samaki na ndege. Kila akipima, mashine inamwonyesha kitu kingine asichokijua. Kwenye samaki kipo. Kwenye tai kipo, tena kingi, maana tai anakula samaki, na samaki mkubwa kala wadogo, kila ngazi sumu inarundikana. Akapima nywele za mke wake. Ipo. Akapima nywele za binti yake mchanga wa miezi mitano. Ipo. Mwaka 1966 akatangaza kuwa ni PCB. Fikirini yule baba usiku ule nyumbani, anamtazama mtoto aliyelala.

Mtasema hiyo ni Sweden, kuna viwanda. Haya, mnamjua silikanti? Samaki wetu wa Tanga, tuliyemfanyia hifadhi mwaka 2009, yule wa kale anayekaa chini kabisa kwenye mapango ya bahari mchana kutwa. Mwaka 1991 wataalamu walichapisha vipimo vya silikanti wa Komoro. Walimkuta na DDT, na PCB pia. Samaki anayeishi mita mia na zaidi chini ya maji, mbali na nguzo yoyote ya umeme, kando ya visiwa visivyo na kiwanda cha maana. Zimemfuata huko. Sasa mtaro wa Ngamiani unaoshuka baharini mvua ikinyesha, utazishindwa?

Nyie wa kuchomelea, sijawasahau, msijifiche nyuma ya mapipa. Najua mashine zenu za kienyeji mnazitia mafuta ya transfoma zipoe. Na najua yakivuja mnafuta kwa kitambaa, kitambaa mnakichoma. Mnachoma na nyaya ili mpate shaba. Moto wa takataka ni moto dhaifu. PCB zinahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,100, kwenye tanuri maalumu, ndipo zife kweli. Chini ya hapo zinageuka furani na dioksini, sumu ndugu yake, mnazivuta nyie kwanza, halafu zinatua kwenye mboga ya jirani. Kapasita kuukuu na choki za taa za zamani ni hivyohivyo. Msizipasue kwa nyundo kutafuta bati la senti mbili.

Kuna mkataba wa kimataifa, wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001, na Tanzania imo. Ulizipa nchi mpaka 2025 kuziondoa PCB kazini na mpaka 2028 kuziteketeza kwa njia salama. Maneno mazuri. Lakini mkataba hauwezi kupanda nguzo usiku kumkamata mwizi wa mafuta, na hauwezi kuingia jikoni kwako. Na mwizi akishanyonya mafuta, transfoma inaungua, mtaa unalala gizani, friji za samaki zinaharibika. Hasara mbili kwa dumu moja.

Nimepewa swali kwa karatasi hapa: "Nimewahi kukaangia mafuta hayo zamani, nifanye nini? Kuna dawa ya kusafisha damu?" Hakuna. Atakayekuuzia dawa ya kusafisha PCB mwilini anakuibia mara ya pili. Lililopo ni kuacha leo, ili mwili upunguze polepole kwa muda wake. Ukiwa na chunusi za ajabu zisizopona, macho, ganzi, nenda hospitali na umwambie daktari ukweli kuhusu mafuta. Asipojua umekula nini atakupa dawa ya fangasi.

Mwingine anauliza, mafuta ya transfoma yaliyo safi kabisa, yasiyo na PCB, yanafaa? Bwana wee, yametoka kwenye mafuta ghafi. Utakaangia mafuta ya mashine? Hayafai.

Ukimwagikiwa, sabuni na maji mengi, nguo uivue. Usijisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa. Pipa lililobeba mafuta hayo lisiwe la maji ya kunywa, hata uliloweke mwezi mzima kwa Omo.

Na kama una dumu nyumbani, usilimwage. Usilichome. Usimuuzie mwenzio ili liondoke kwako. Lifunge vizuri, lisimamishe ndani ya beseni, kivulini, mbali na watoto na jiko, halafu toa taarifa kwa watu wa umeme au kwa NEMC, baraza la mazingira. Unaogopa kuulizwa ulilipata wapi? Naelewa. Ndiyo maana nimemwomba mwenyekiti wa mtaa akae na mimi leo, na tumekubaliana tutawasindikiza.

Mama yangu aliishi miaka mingi, magoti yakimuuma hadi mwisho. Ile chupa ya soda niliikuta juu ya kabati siku ya matanga, robo yake imebaki, njano ya mbali, haikubadilika hata kidogo. Nikaichukua. Iko kwangu mpaka leo, ndani ya ndoo yenye mchanga, na wiki ijayo nayo inakwenda pamoja na madumu yenu.

Mimi na mwenyekiti tutakuwa pale chini ya mwembe mpaka saa kumi na moja. Mwenye dumu aje kuandikisha. Asitaje jina kama hataki, ataje lita.